Siku nne kuelekea Mrima: safari ya fundi wa spika

Nimerudi Mombasa Jumamosi usiku, na viatu vyangu hadi leo vina vumbi jekundu kwenye mshono. Haya ninayoyaandika nimeyaokota kwenye migongo ya risiti nilizokuwa nikichorea kalamu ndani ya matatu, na kwenye picha kama sitini za simu, nusu yake zikiwa za barabara tu.

Kwanza niseme kilichonitoa dukani. Mimi ni fundi wa spika na simu. Chini ya meza yangu kuna mkebe wa maziwa ya unga uliojaa sumaku ndogo ninazozitoa kwenye hadi disiki za kompyuta zilizokufa, visikizi na mota za mtetemo. Mwezi wa Julai mteja mmoja alinikuta nikipigana na mbili zilizonibana kidole, damu inatoka. Akacheka, akasema, "Fundi, wahangaika na vipande hivyo, na kule Kwale kuna mlima mzima wa sumaku?"

Nilimjibu kwamba sumaku haichimbwi. Hiki kipande kinachong'aa kama shilingi mpya ni mchanganyiko uliopikwa kiwandani: kwa kila chembe mbili za neodimi, metali ya kundi liitwalo madini adimu, kuna kumi na nne za chuma na moja ya boroni. Kwa uzito, neodimi haifiki hata theluthi. Mchanganyiko huo ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa akiwa Sumitomo kule Japani na John Croat akiwa General Motors kule Marekani, kila mmoja kivyake. Kabla ya hapo spika yenye nguvu ilikuwa mzigo wa kubebwa na watu wawili.

Mteja akaondoka, maneno yake yakabaki. Kilima alichokisema nilikijua kwa jina: Mrima, kilima chenye madini adimu, kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Nimeshika bidhaa za vilima kama hicho miaka kumi na minne, na chenyewe sijawahi kukiona. Nikafunga duka siku nne.

Jumatano, 13 Agosti 2025: Mombasa hadi Ukunda

Nilitoka saa moja asubuhi nikiwa na begi moja, chupa ya maji, bisibisi tatu, kalamu ya solda na sumaku moja ya hadi disiki niliyoifunga ndani ya soksi. Naomba msome vizuri hapo: ndani ya soksi, tena soksi mbili, mbali na simu na kadi ya benki. Sumaku hizi hazina adabu.

Boda hadi Feri, shilingi 100. Ilikuwa pikipiki ya umeme, nikamchosha kijana wa watu kwa maswali. Mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, na ukiifungua utakuta vibao vya sumaku vimepangwa duara, vya aina ileile ya mkebe wangu. Aliniambia kuwa kupanda mlima na abiria wawili huifanya mota ichemke na kulegea. Sehemu kubwa ya ulegevu huo ni kinga ya umeme inayojipunguzia kasi, lakini joto ni adui wa sumaku yenyewe pia. Neodimi ya kawaida ikipita nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu, na nguvu ikishapotea kwa joto hairudi kwa kupoa. Ndiyo maana wanaotengeneza mota za magari huongeza disprosi au terbi kidogo, ndugu wawili wa ukoo huohuo ambao ni ghali zaidi.

Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Ushauri kwa atakayenifuata: ukiweza, usivuke saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, maana watu wote wa kusini wanaingia mjini wakati huo, nawe utakuwa unaogelea kinyume cha bahari ya watu. Nilivuka saa mbili kasoro robo. Nilikanyagwa.

Katikati ya mlango wa bahari niliwaza jambo ambalo huenda ni la kifundi tu. Nyaya za intaneti zinazotua Mombasa, SEACOM na TEAMS za mwaka 2009 na EASSy ya 2010, hupitisha mwanga ndani ya uzi wa kioo. Mwanga huo huchoka njiani. Kila baada ya makumi ya kilomita chini ya bahari kuna kifaa chenye kipande cha kioo kilichotiwa erbi, na erbi ikichochewa kwa leza huupa mwanga ule nguvu mpya bila kuugeuza kuwa umeme. Erbi nayo ni ya ukoo wa neodimi. Jumla yao wako kumi na saba. Kwa hiyo hata kabla sijapanda matatu ya kuelekea Mrima, ujumbe nilioutuma nje ya nchi ulikuwa umeshasukumwa na binamu yake.

Likoni hadi Ukunda, shilingi 100. Mahamri mawili na mbaazi za nazi pale stendi, 70. Mama muuzaji aliniongeza hamri la tatu kwa kuwa nilimrekebishia waya wa chaja papo hapo, na hapo ndipo nilipojua kwamba kalamu ya solda itanilipia nauli njia nzima.

Mchana nikaenda Kaya Kinondo, kwa sababu Mrima nako ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, nami sikutaka kufika kwa wazee nikiwa sijui hata pa kuweka mguu. Kinondo ni mojawapo ya misitu ya Mijikenda iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na imezoea wageni. Unafungwa kaniki kiunoni, unatembea nyuma ya mwenyeji, huvunji kijiti, na hutoki na kitu: jani, kokwa, jiwe, hata kilichoanguka chenyewe. Kijana aliyenitembeza alisisitiza hilo la mwisho mara tatu. Niliitikia mara tatu.

Gesti Ukunda, shilingi 1,200 pamoja na feni inayozunguka ikipenda.

Alhamisi, 14 Agosti: Ukunda hadi Lunga Lunga

Nauli shilingi 300, na makanga aliniahidi saa moja na nusu. Ilichukua tano.

Baada ya Msambweni barabara ni nzuri, lami tupu, minazi na mikorosho pande zote, na ningemaliza siku hii kwa sentensi moja kama si mkanda wa feni kukatika mbele kidogo ya Ramisi. Dereva alishuka, akatazama, akavua kofia. Hakukuwa na mkanda wa akiba. Tuniboi akatumwa Msambweni kwa boda.

Tulikaa chini ya mwembe wa mama mmoja anayekaanga mihogo. Abiria wengine walilalamika, halafu wakalala. Mama yule alitoa mkeka wake wa ndani, akatandika, akawaita wenye watoto kwanza. Baadaye akanikatia dafu, na nilipotoa pesa akasema, "Mgeni hadaiwi maji, mwanangu. Mihogo ndiyo biashara." Mihogo nikanunua ya shilingi 50 na pilipili ya ndimu juu yake. Kama gari lako litaharibikia hapo, nakutakia liharibikie mbele ya mwembe huo.

Kando yangu alikaa mwalimu mstaafu anayeelekea Vanga. Aliniuliza niendako, na nilipomweleza akakunja uso. "Madini adimu," akasema. "Sasa kama ni adimu, mbona kila nchi inasema inayo?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa safari nzima. Jina ndilo linalodanganya. Ndani ya gamba la dunia neodimi ni nyingi kuliko risasi, na seri, ndugu yake mwingine, inakaribiana na shaba. Ugumu wake ni kwamba haikai peke yake. Shaba hujikusanya mshipa. Hizi hujimwaga kidogo kidogo, tena zote pamoja, na zinafanana kitabia kiasi kwamba asidi inayoyeyusha moja huyeyusha zote. Nilimwambia ni kama kumimina madafu mawili ndani ya bilauri moja, halafu mtu akudai lile dafu la kwanza.

Akataka kujua nani aliyeweza. Nikamsimulia kisa ninachokipenda. Mwaka 1841 Mswidi Carl Gustaf Mosander alipata kitu alichokiita didimi, yaani pacha, kwa kuwa kilikuwa kimeandamana na lanthani, elementi nyingine ya ukoo huo. Kwa miaka arobaini na zaidi watu walidhani ni elementi moja. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach, mjini Vienna, akawa anaiyeyusha chumvi yake na kuiacha igande, anaiyeyusha tena na kuiacha igande, mara nyingi kupita subira ya kawaida, mpaka ikajigawa rangi mbili. Moja ilitoa chumvi za kijani, akaiita praseodimi, pacha wa kijani. Nyingine ilikuwa na rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Hiyo ndiyo neodimi, pacha mpya. Siku hizi viwanda havigandishi. Vinakoroga asidi na vimiminika vya mafuta kupitia matangi mamia, tangi baada ya tangi, kila moja likivuta tofauti ndogo sana. Aliye na matangi hayo ndiye mwenye usemi, kuliko aliye na mlima. Mwaka 2010 Uchina ilipobana mauzo ya nje, bei ya 2011 ilipaa. Aprili 2025 iliweka vibali kwa saba kati ya hizo, disprosi na terbi zikiwemo, na viwanda vya magari vya ng'ambo vikaanza kuhaha.

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sisi tuna dafu, bilauri ni ya mwenyewe." Nimemwazima msemo huo.

Mkanda ukaja saa tisa. Lunga Lunga tukafika jioni.

Nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, 250, meza moja na dereva wa lori kutoka mkoa wa Songwe, upande wa Tanzania. Aliposikia nafuata nini akasema kwao kuna Ngualla, kilima kingine cha madini adimu, na kwamba Aprili 2023 serikali yao ilitia saini na kampuni ya Australia, serikali ikipata hisa asilimia 16 bila kulipia. Alivyoongea ungedhani saini ni yake. Nikamuuliza je, kazi imeanza? Akasema, "Wewe kula samaki."

Jambo la kuzingatia: huu ni mji wa mpakani, beba kitambulisho hata ukienda kununua sigara. Na toa pesa taslimu za kutosha kabla ya giza, kwa sababu wakala wawili nilioenda kwao walikuwa wamekaukiwa.

Ijumaa, 15 Agosti: Mrima

Siku niliyoijia.

Boda kutoka barabara kuu hadi kijijini ilikuwa shilingi 300, njia ya murram upande wa bara. Njia panda yenyewe siitaji hapa. Wenyeji waliniomba nisiandike maelekezo kama ya hoteli, na ukishafika kwao utaelewa ni kwa nini.

Kilima chenyewe si kirefu. Nilitarajia kitu cha kutisha, nikakuta kichuguu kikubwa cha kijani kikiwa kimejifunika msitu, mashamba ya mahindi na mihogo yakiwa yamekifikia magotini. Upande mwingine kinaonekana Jombo, ambacho ni kirefu zaidi. Vilima hivi ni mabaki ya mawe yaliyopanda kutoka chini sana ya dunia yakiwa moto. Mrima ni wa aina inayoitwa kabonatiti: jamii ya chokaa, ila chokaa iliyozaliwa na moto badala ya bahari. Mvua ya mamilioni ya miaka ikaosha chokaa, ikabaki na vile visivyooshwa kirahisi: niobi, chuma, manganizi, na madini adimu. Ndiyo maana udongo wake ni mwekundu uliokolea karibu na kuwa mweusi, na ukiushika unaacha doa kiganjani.

Nilianzia ofisi ya chifu, kama nilivyoshauriwa. Chifu hakuwepo. Karani akanipa benchi. Saa tatu, saa nne, saa tano. Vijana wawili waliokuja kunitazama waliniuliza moja kwa moja mimi ni wa kampuni gani. Niliwaonyesha kalamu ya solda. Hawakuridhika. Mmoja akaniambia hapa hupita wazungu, hupita Wachina, hupita na watu wa Nairobi wenye magari ya vioo vyeusi, wote wakisema wanatembea tu. Mwingine akaleta simu isiyolia. Niliifungua pale pale kwenye benchi: uchafu tu umejaza wavu wa spika. Nikausugua kwa mswaki, ikalia, na mazungumzo yakabadilika.

Kisha ikawa Ijumaa, kwa maana yake kamili. Wazee wote walikuwa msikitini. Nami nikaenda, nikaswali nao, na baada ya swala karani akanipeleka kwa mzee mmoja wa kaya aliyekaa kibarazani na wenzake wawili. Shikamoo, marahaba, habari za utokako, habari za watu wa nyumbani. Nilikaa mkekani. Zikaletwa sima na mchunga uliopikwa kwa nazi, mchungu kiasi cha kumfanya mtu akumbuke madeni yake, lakini tonge la tatu linaita la nne.

Nilieleza kazi yangu. Mzee alisikiliza bila kukatiza, halafu akauliza, "Hicho chuma chenyewe, ni kipi? Mimi nimeona watu wakipima kilima hiki tangu niko mdogo, wanakuja na mashine, wanatoboa, wanajaza mifuko. Hakuna aliyewahi kunionyesha kinakuwa nini."

Mrima ulikuwa ukipimwa tayari miaka ya 1950. Nilifungua soksi.

Nilimwekea sumaku kiganjani, nikamwambia aishike vizuri, kisha nikaligandisha panga lake kwenye sumaku hiyo. Panga halikuanguka. Mzee alitikisa mkono, panga likatikisika nao. Wakapokezana wote watatu, kisha wakaitwa wajukuu, na kwa muda wa nusu saa hakuna aliyezungumza mambo ya mabilioni. Niliwaeleza kwamba iko kwenye kila simu iliyo kijijini pale: spika ina moja, mtetemo una moja, kamera inapojivuta kupata picha safi inavutwa na nyingine ndogo kama punje ya mchele. Na zile mashine kubwa za upepo za baharini, zisizo na giaboksi, hubeba mamia ya kilo na zaidi. Mzee akaleta redio yake ya mbao iliyokuwa inakoroma, akidhani nayo ina utajiri huo. Ilinibidi niseme ukweli: sumaku ya redio ile ni feraiti, nyeusi, ya bei nafuu, haina chembe ya neodimi. Niliunga waya wa koili uliokatika, ikaacha kukoroma. Hakuonekana kusikitika.

Nilipowasimulia habari ya pacha wa Vienna, mzee wa pili alicheka hadi akashika ubavu. Kumbe yeye mwenyewe ni pacha, na hadi leo hudaiwa madeni ya nduguye anayeishi Vanga.

Mengine hayakuwa ya kuchekesha. Mwaka 2013 kampuni iitwayo Cortec ilipewa leseni ya kuchimba Mrima mwezi Machi, ikafutwa Agosti mwaka huohuo. Ilikuwa imetangaza kwamba kilima kina mali ya dola bilioni 62.4. Kampuni ikaenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, ikashindwa Oktoba 2018. Waamuzi walisema leseni haikuwa halali kwa kuwa sheria ya mazingira haikufuatwa. Wazee hawakunisimulia kwa tarehe. Walikumbuka kwa misimu: mwaka ule wa korosho nyingi, mwaka ule walioambiwa watahamishwa. Tarehe nimeziweka mimi. Wanachokijua wao zaidi yangu ni kwamba ile namba ya bilioni haijawahi kujenga zahanati. Sasa serikali imeyaweka madini adimu kwenye orodha ya madini ya kimkakati, na magari ya vioo vyeusi yamerudi.

Niliuliza juu ya mionzi. Hili ni jambo la kweli, si uvumi: madini adimu mara nyingi huja na thori, metali yenye mionzi, na udongo wa Mrima una thori ya kutosha kuufanya upimwe kuwa na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Ukiacha kilima kama kilivyo, thori imelala humo ndani. Ukikichimba na kukioshea asidi, neodimi inaondoka kwa meli na thori inabaki kwenye bwawa la taka pale ulipo. Wazee walikuwa wameshasikia habari hiyo kutoka kwa watafiti waliokuja na vifaa vya kulia tititi. Mzee wa kwanza alisema chemchemi zao hutoka chini ya msitu ule, na akaishia hapo.

Alasiri walinipeleka hadi ukingo wa msitu, si ndani. Ndani kuna mahali pa kusalia na mwaka huu hawapokei wageni. Sikuomba mara ya pili. Masharti yalikuwa yale ya Kinondo: usivunje, usiokote, usitoke na kitu. Njiani, nje ya mipaka ya kaya, niliomba ruhusa ya kupitisha sumaku juu ya mchanga wa mfereji wa mvua. Ikatoka na ndevu nyeusi, watoto wakashangilia: "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!" Haikuwa hiyo. Chembe zinazorukia sumaku ni za chuma. Madini yenye neodimi yalikuwa yamebaki palepale mferejini, vumbi la kahawia lisilotofautiana na vumbi lolote, na sumaku iliyotengenezwa kwa neodimi imepita juu yake kama mtu asiyemjua mama yake. Nilizipangusa ndevu zote pale pale. Nilipiga picha kwa kuinama, simu ikiwa karibu na mchanga.

Nililala nyumbani kwa mzee. Alikataa pesa. Niliacha betri nne za redio kwa mjukuu, nikamwambia asiseme mpaka nimeondoka.

Kwa atakayekwenda: usiende bila kupitia kwa chifu na wazee, wala usijifanye mtalii wa ndege ikiwa huna darubini. Usiende Ijumaa asubuhi. Vaa suruali ndefu. Na kama wakisema hapana, matatu ya kurudi hupita barabara kuu mchana kutwa.

Jumamosi, 16 Agosti: kurudi

Boda, lami, usingizi, Ukunda. Kitu pekee nilichokiandika kwenye risiti ni cha abiria aliyeniambia alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi wa titani wa Kwale, uliofungwa Desemba 2024 mchanga wenye faida ulipokwisha. Alisema siku ya mwisho walipiga picha ya pamoja. Sasa anauza makaa. Nikamuuliza kama angetaka Mrima ufunguliwe. Akasema ndiyo, akasema hapana, akasema inategemea mtu anaulizwa akiwa ameshiba au la.

Hesabu yote, na chakula: shilingi 4,870. Kalamu ya solda iliniokolea labda mia sita.

Kitu kimoja kinaniudhi tangu nirudi. Mtaani kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu hupima bati, alumini na shaba. Hadi disiki wanaipasua, wanachukua ganda la alumini, sumaku mbili zilizomo wanazitupa kwa sababu zinagandamana na mizani. Kila wiki naokota kiganja kizima. Nimewaambia waniletee, nitawapa shilingi tano kwa kila kipande. Sijui nitazifanyia nini. Mkebe umeshajaa, nimeanza wa pili.

Jumapili asubuhi simu yangu mwenyewe ilikuwa inasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikaifungua mezani. Kwenye wavu wa spika palikuwa na kichaka cha chembe nyeusi, zimesimama wima kama nywele za mbwa aliyeogopa. Sumaku ya spika ilizivuta pale nilipoinama kupiga picha, nami nikatembea nazo kilomita zote zile, nikavuka nazo feri, baada ya kuitikia mara tatu Kinondo na mara moja Mrima kwamba sitatoka na kitu.

Nimezitoa kwa gundi ya karatasi, zimo ndani ya risiti iliyokunjwa, zinatosha kufunika ukucha. Dereva wa matatu ya Lunga Lunga niliyempigia amesema hawezi kusimama njia panda kwa ajili ya mchanga. Nitazirudisha mwenyewe, pengine Desemba, na betri nyingine nne.